SOMO: Kukalafati (kuziba maungio ya mbao kwa pamba) mashua inayovuja (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) ikikaribia swali ni lile lile: "Fundi, chombo kinaingiza maji, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Somo ni la mashua ya mbao iliyopigwa misumari, mita 6 hadi 8, kama hizi zinazolala Mikindani, Msanga Mkuu na Msimbati. Jahazi ni kazi ile ile, watu na siku ndivyo vinavyoongezeka.

Vifaa: chembeu (patasi za kukalafati) mbili, nyembamba na pana, nyundo ya mbao, ndoano ya kutolea pamba kuukuu, pamba, sifa (mafuta ya papa), shahamu (mafuta ya mnyama), chokaa iliyozimwa na kuchekechwa, burashi ya waya.

1. Pandisha chombo kwenye bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa. Hapo una siku kama 14 hadi bamvua inayofuata ikuinue tena. Maji mafu (madogo ya katikati) hayakufikii, kwa hiyo panga kazi iishe ndani ya siku hizo.

2. Tia magadi (miti ya kuegemeza chombo kisilale) pande zote mbili.

3. Tafuta panapovuja kabla hujakwangua chochote. Mwaga ndoo chache za maji ngamani (sakafuni kabisa mwa chombo), yafike kifundo cha mguu tu, kisha zunguka nje uone yanapodondokea na utie alama ya mkaa. Usijaze: chombo kilichoko nchi kavu hakijaumbwa kubeba uzito wa maji kwa ndani. Ukimaliza, yakumbe yote (yachote uyamwage nje).

4. Kwangua magamba na majani, halafu toa pamba yote iliyooza kwenye maungio. Nzima iliyoshika vizuri iache.

5. Kausha maungio kivulini siku mbili au tatu. Upande wa jua ufunike makuti. Unachotaka ni maungio makavu, si ubao uliokauka hadi kupasuka.

6. Pamba. Hapa ndipo vyombo vingi vinapoharibiwa, na mimi nimewahi kuharibu, kwa hiyo soma polepole. Sokota pamba iwe uzi mnene kidogo kuliko nafasi ya ungio, uchovye kwenye sifa, uukamue. Uingize kwa chembeu nyembamba ukiukunja vikunjo vidogo vidogo, usiuvute ukanyooka. Ndipo uushindilie kwa chembeu pana. Sikiliza mlio: mwanzoni ni mzito kama unapiga gunia, pamba ikishiba unakuwa mkavu. Ukisikia mkavu, ACHA. Bakiza kina cha milimita 3 kwa ajili ya deheni (mchanganyiko wa shahamu na chokaa, hatua ya 8).

Kwa nini uache? Ubao ukirudi majini hunywa maji na kutanuka kwa upana. Pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi haina pa kwenda, basi mbao zinasukumana, na cha kwanza kuachia ni msumari kwenye taruma (ubavu wa ndani wa chombo). Ubao unaopakana na mkuku (uti wa chini wa chombo) ndio hutangulia kufunguka. Ulianza na uvujaji wa kukumba kwa kata, utamaliza na ubao uliong'oka. Hatari ni kubwa zaidi kwa chombo kilichokaa juani miezi: maungio yanaonekana mapana, mkono unashawishika kujaza. USIJAZE. Kichape maji ya chumvi asubuhi na jioni siku tatu nne, mbao zijirudi kidogo, kisha ukaushe maungio peke yake ndipo uanze.

Tena, usimalize upande mmoja wote ndipo uhamie wa pili. Piga ungio moja kulia, moja kushoto. Kila baada ya maungio manne ingia ndani, pitisha kidole kati ya ubao na taruma. Kukianza kuonekana nafasi ambayo haikuwepo, umezidisha: toa pamba ya ungio la mwisho, urudie kwa mkono mwepesi.

Ungio linalozidi milimita 8 si la pamba. Pachika ukanda mwembamba wa mbao laini, ukalafati pembeni yake.

7. Vichwa vya misumari: zungushia nyuzi za pamba yenye sifa, sindilia.

8. Deheni. Yeyusha shahamu, iache ipoe hadi mkono uvumilie, changanya na chokaa kidogo kidogo mpaka ikamatike kama ugali laini. Paka kwa kiganja, kuanzia mkuku hadi mstari wa maji, ukikandamiza kwenye maungio. Vaa glavu, na chokaa isiingie machoni. Juu ya mstari wa maji paka sifa tu.

9. Shusha, funga karibu na ufukwe. Kitaingiza maji siku ya kwanza na hata ya pili. Kumba, subiri mbao zishibe. Usipakie mzigo hata kilo moja kabla hakijatulia.

MASWALI

Mvuvi_Shangani: Mkuu, silikoni ya dukani haifai? Ni rahisi zaidi.

Mwandishi: Haifai. Haishiki ubao wenye mafuta, na ubao unacheza.

Mvuvi_Shangani: Na lami je?

Mwandishi: Lami huwa ngumu, hupasuka, na deheni haitashika tena juu yake. Utatumia wiki nzima kuikwangua.

Baharia07: Pamba kilo ngapi?

Mwandishi: Inategemea chombo. Kalafati mita 1, pima pamba iliyoingia, zidisha kwa urefu wa maungio yote. Mashua ya mita 7 yenye mbao 10 kila upande ina kama mita 140 za maungio. Nafasi za kawaida zitakula kilo 3 hadi 4.

Baharia07: Sasa nikizidisha pamba kidogo si ndiyo salama zaidi?

Mwandishi: Rudi hatua ya 6. Yote iko pale.

Mzee wa Kivinje: Kijana, sisi Kilwa tunapaka sifa hata chini. Hii shahamu yako inaliwa na samaki.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Sifa peke yake inalainisha ubao, lakini wadudu wanaotoboa mbao haiwazuii. Chokaa ndiyo inayowasumbua, na shahamu ndiyo inayoishika chokaa. Deheni hukwanguliwa na kupakwa upya, haikai milele. Hilo nakubaliana nawe.

Binti_Lindi: Naomba kuelewa, kwa nini pamba na si usumba? Nazi tunazo tele.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Usumba ni kama springi: ukiushindilia unarudi. Pamba inalala, na ikilowa inavimba kuziba. Lakini usumba una heshima yake kubwa kuliko kuziba nafasi. Kabla ya misumari, vyombo vya pwani hii vilishonwa kwa kamba za usumba, na mtepe ndio uliojulikana zaidi. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanataja bandari ya pwani ya huku iitwayo Rhapta, na jina lenyewe linatokana na neno lao la kushona, kwa sababu ya mashua zilizoshonwa. Chombo cha kushonwa kina faida yake: kikigonga mchanga, mbao zinapinda pamoja na kamba badala ya kuvunjika. Hasara ni kwamba kamba huoza, inabidi kushona upya.

Binti_Lindi: Asante fundi. Na wale wa majahazi ya Arabuni walikalafati wapi, wakiwa safarini?

Mwandishi: Walipongoja upepo. Walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi, na katikati chombo kilipandishwa pwani. Kilwa ilikuwa karibu mwisho wa safari ya msimu mmoja: ukiteremka zaidi kusini, unaweza kukosa upepo wa kurudi mwaka huo. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) ililetwa Kilwa kwa vyombo vya huku, na mji ukatajirika. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331 aliukuta katika fahari yake.

Mzee wa Kivinje: Na boriti za mikoko za Rufiji zilikwenda hadi Uajemi na Arabuni kuezekea nyumba. Andika na hilo.

Mwandishi: Nimeliandika, mzee. Na aliyebeba boriti alijua kuzipanga: nzito chini kabisa juu ya mataruma, ngama ibaki wazi katikati ili kata ifike. Hata leo ukipakia mbao au saruji fanya hivyo hivyo, maana uvujaji usioufikia kwa kata hutauona mpaka maji yamepanda juu ya mzigo.