Mwajiri, ukitaka mafundi wako warudi kusoma fanya hivi

Mafundi wengi wa viwandani hapa Kenya hawajakataa kusoma, wameangalia tu wakaona haiwalipi. Unaye fundi anaweka kiganja juu ya mota anakwambia beringi hii haimalizi wiki, na kweli haimalizi, lakini PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, ikigoma na kuonyesha namba ya hitilafu kwenye skrini inabidi mtu aitwe kutoka Nairobi na laini isimame mpaka afike. Huyo ndiye wa kusomesha, mashine zako ashazijua.

Anza na shifti kabla ya pesa. Mtu anayerushwa mchana na usiku kila wiki hawezi klasi ya jioni hata ukimlipia karo yote, kwa hivyo mpe shifti moja muhula mzima, iandikwe kwenye rosta, na supavaiza wake aambiwe mbele yake kwamba siku za klasi hakuna ovataimu, maana mara nyingi ofisi inakubali halafu huku chini anabanwa.

Halafu angalia ana nini mkononi. D plain ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inamwingiza kozi ya cheti cha craft, diploma inataka C minus, hata mwenye E anaingia artisan, ngazi iliyo chini ya craft. Aliyejifunza kazi kwa mikono bila karatasi yoyote mpeleke trade test, yaani mtihani wa ufundi wa vitendo, ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, aanze gredi 3 apande mpaka 1. Kile cheti cha kwanza kinampa mtu moyo sana, msikidharau.

Pesa sasa. Tozo ya NITA ni shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi na kuna waajiri wanalipa tu miaka nenda miaka rudi bila kudai kitu, ilhali tozo hiyo ni ya mafunzo na gharama zinaweza kurudishwa, ila uwe huna deni la tozo na uombe kibali kabla kozi haijaanza. Ukiamua kumkopesha karo, sheria ya ajira inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara, lakini jamani mwenye watoto hata theluthi moja inamuumiza, kata kidogokidogo.

Kubwa kuliko yote ni hili, andika barua mapema iseme akimaliza atapata cheo gani na nyongeza ngapi na lini. Wenzake wanamtazama. Akirudi na diploma abaki na mshahara uleule, hakuna mwingine atakayekuja kukuuliza habari za shule. Bondi, yaani mkataba kwamba atabaki kazini kwako muda fulani, si mbaya, ila ilingane na pesa uliyotoa. Na akihitimu mlipie usajili wa KETRB, ile bodi ya mafundi sanifu iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Projekti yake ya chuo iwe juu ya ile mashine inayokusumbua, mtafaidika wote.

Vyuo vingi vya ufundi vinapokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, kwa hivyo mwite mwezi mmoja kabla mkae mjaze fomu pamoja, mtu aliyetoka shule zamani anaona haya kuuliza.