Kuchora mtaro wenye mteremko kando ya mstari wa katikati ya barabara

Mchoro wa mtaro wa barabara mara nyingi huharibikia mahali pamoja: mteremko umepigwa hesabu kwa urefu wa barabara, na maji yanakwenda kwa urefu wa mtaro. Palipo nyooka urefu huo ni mmoja. Kwenye kona si mmoja.

Tuchukue barabara ya mtaa upande wa Kisauni, Mombasa, mita 180. Mtaro uko kushoto, mita 4.5 kutoka katikati. Kichwa chake, yaani mwanzo wake wa juu, kina levo (kimo) ya mita 12.400 na mteremko ni asilimia 0.5. Kuanzia cheneji (umbali kutoka mwanzo wa barabara) 0+080 hadi 0+120, yaani mita 80 hadi 120, barabara inakata kulia kwa nusukipenyo cha mita 60.

Kwanza hakikisha faili ya surveya iko kwenye UTM (mfumo wa viwianishi vya ramani kwa mita) kanda ya 37 Kusini, na uulize msingi wa vipimo vyake ni Arc 1960 au WGS 84. Ramani za zamani hutumia ya kwanza, GPS hutoa ya pili, na ukizichanganya mchoro unahama mita mia kadhaa.

Katika Civil 3D, programu ya kuchorea barabara na mitaro, chora mstari wa katikati kama alainimenti (njia ya barabara ikitazamwa kutoka juu), kisha uipe profaili (levo zake kwa urefu wa njia hiyo). Njia ya haraka ni kutoa mstari wenye levo (feature line) kutoka kwenye alainimenti hiyo, halafu kuupiga ofseti, yaani kuunakili kando, kwa mita 4.5 pamoja na tofauti ya levo. Kwa mita 30 za kiingilio cha gari inatosha. Kwa mtaro mrefu siipendekezi: barabara ikisogezwa, nakala hiyo inabaki ilipokuwa, na levo zake zimerithiwa kutoka cheneji za katikati.

Hapo ndipo kona inapouma. Kipande cha mita 40 katikati ya barabara kinakuwa mita 43 upande wa nje, kwa sababu nusukipenyo kimepanda kutoka 60 hadi 64.5. Levo inashuka milimita 200 zile zile, lakini kwa njia ndefu zaidi: mteremko halisi ni asilimia 0.465. Mchanga hutulia pale pale. Kona ingekata kushoto, mtaro ungekuwa ndani, mita 37, na mteremko asilimia 0.54.

Kwa hiyo tengeneza alainimenti ya ofseti, uipe profaili yake yenyewe, na uweke asilimia 0.5 humo. Sasa mtaro una urefu wa mita 183, unashuka mita 0.915, na mdomo wake, mwisho wa chini, uko levo 11.485, si 11.500. Kama kalvati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) mdomoni imeshajengwa kwa 11.500, pandisha kichwa hadi 12.415. Usichezee mteremko. Kuzamisha sakafu ya mtaro nako kuna bei: milimita 100 zaidi, kwa upana wa mita 0.8, ni mita za ujazo 14.6 za kuchimba kwa urefu wa mita 183, na katika mwamba wa matumbawe hazitoki kwa jembe.

Angalia unapoandika namba. Sehemu ya asilimia na sehemu ya uwiano hukaa jirani; 0.5 ikiingia kwenye uwiano, programu inaelewa mita 0.5 mlalo kwa mita 1 wima, na mtaro unazama mita 366. Mteremko wa kushuka uwe na alama ya kutoa, na mstari uliochorwa kuanzia mdomoni kwenda kichwani hugeuza alama hiyo.

Mistari yenye levo ikikatana ndani ya saiti moja (kundi la mistari ndani ya programu), programu huilazimisha kuwa na levo moja kwenye makutano, na kwa kawaida uliohaririwa mwisho ndio unaoshinda. Kiingilio cha nyumba kinaweza kuunyanyua mtaro bila wewe kuona. Mtaro na kiingilio, kila kimoja kiwe na saiti yake.

Unapoingiza mistari kwenye uso wa ardhi (modeli ya ardhi ndani ya programu), matao hukatwa vipande vilivyonyooka. Kwa nusukipenyo cha 64.5, ruhusu kupotoka (kipande kuachana na tao) kwa mita 0.01 upate vipande vya kama mita 2.3; ukiacha mita 1, vinakuwa vya zaidi ya mita 22 na kona inapoteza umbo.

Orodha ya kupeleka uwandani iwe kila mita 10, kila mita 5 kwenye kona, levo kwa desimali tatu. Mita 10 za mtaro huu ni milimita 50 za kushuka, na fundi atazipima kwa uzi.

Mtaro ukimwaga kwenye mkono wa bahari, linganisha mdomo na maji ya bamvua. Majedwali ya maji kupwa na kujaa huanza kuhesabu karibu na kiwango cha chini kabisa cha bahari, levo za surveya huanza usawa wa wastani. Badilisha kwanza, ndipo ulinganishe.