Kabla Hujapulizia Dawa ya Magugu Karibu na Bwawa la Samaki

Mvua za Machi zikikaribia, huku Nyando, Kisumu, kila mtu ana pampu mgongoni. Kama una bwawa, au jirani yako wa chini analo, soma haya kwanza.

Angalia mbingu. Mawingu yakiwa mazito, rudisha pampu ndani, maana dawa isiyokauka kwenye jani huishia mtoni. Angalia upepo pia. Pampu usiioshee mtoni wala kwenye mfereji unaoingiza maji bwawani. Nilidhani hili halihitaji kuambiwa mtu, lakini bado nawaona.

Soma kibandiko chote. Watu husema glaifoseti, dawa ya kuua magugu, haina shida kwa samaki kwa sababu hushikamana na udongo. Kushikamana inashikamana, ila ndani ya mtungi haiko peke yake: huchanganywa na kitu kama sabuni cha kuifanya ishike jani, na mara nyingi hicho ndicho kinachochoma matamvua ya samaki kuliko dawa yenyewe. Kwa hiyo acha ile tabia ya kuongeza sabuni ya kufulia kwenye pampu. Dawa ya mahindi yenye atrazini nayo haishiki udongo vizuri. Mvua ikipiga, huteremka nayo.

Sasa la kwangu. Bwawa langu ni la mita 300 za mraba, mojawapo ya yale yaliyochimbwa serikali ilipoanzisha mpango wa mabwawa mwaka 2009. Lilikuwa limevamiwa na magugu, kingoni na hata juu ya maji. Kung'oa nikaona ni kazi ya wiki nzima. Nikapulizia yote asubuhi moja. Siku hiyo samaki wakala kama kawaida. Ya pili na ya tatu vilevile, nikajisifu. Siku ya saba nilifika alfajiri nikakuta ngege (tilapia) wakubwa wanaelea matumbo juu, na waliobaki wanahema midomo ikiwa nje ya maji. Miezi sita ya pumba ikaenda hivyo.

Nikapanda moja kwa moja kwa jirani wa juu mwenye mahindi, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Omera, mvua haijanyesha wiki mbili. Dawa yangu imeteremka kwako kwa miguu?" Sikuwa na jibu, ila sikunyamaza.

Afisa wa uvuvi alipokuja, habari za jirani hakuziuliza. Aliuliza wamekufa saa ngapi, wakubwa au wadogo, na kambare wako wapi. Kambare walikuwa wazima. Akavuta konzi ya magugu meusi yaliyooza, akaninusisha. Kambare huvuta hewa ya juu, ngege hawezi. Sumu kali haichagui saa, na mara nyingi samaki wadogo hutangulia. Oksijeni ikipungua majini, wakubwa ndio hutangulia, tena alfajiri, kwa kuwa usiku mimea haitengenezi oksijeni bali huitumia. Magugu yangu yalikufa yote kwa mpigo, yakaoza, na kule kuoza kukanywa oksijeni ya bwawa zima.

Kwa hiyo ng'oa kwa mkono, au fyeka, na uyatoe nje. Ukilazimika kupulizia, tafuta dawa ambayo kibandiko chake kinaruhusu itumike majini, anza na kipande kidogo, ngoja siku kadhaa, ndipo uendelee. Tena usifanye hivyo wakati wa joto kali, maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Jirani nilimpelekea jogoo. Alimpokea, lakini mpaka leo akipita kwangu hasimami.

Mengine ni ya haraka. Chimba mtaro juu ya bwawa ugeuze maji ya shambani. Acha nyasi kati ya mahindi na maji. Mtungi mtupu uoshe mara tatu, maji hayo yarudi kwenye pampu, kisha utoboe ili mtu asije akauchotea maji ya kunywa. Samaki waliokufa usiwapeleke sokoni hata kama macho bado yanang'aa. Wafukie mbwa wasikofika. Kabla ya kubadilisha maji, weka kiasi kwenye chupa safi ya kioo, huenda ukatakiwa kuthibitisha. Jirani wa chini mwambie siku moja kabla. Ukiajiri kijana wa kupulizia, simama naye, yeye anachoangalia ni saa ya kumaliza, na watoto wasicheze mferejini siku hiyo, wala ng'ombe wasinyweshwe pale, na bata pia, na...