Makumbusho ya London usiyaachie siku ya ndege

Wengi wetu tukienda kusoma Uingereza mwaka mzima unakatika hatujakanyaga makumbusho hata moja, kila wikiendi unajiambia yapo tu hayakimbii, halafu wiki ya mwisho ndo unashtuka, chumba inabidi ukirudishe, zawadi za watu hujanunua, na roho bado inataka ikaone picha. Mimi yalinikuta hayohayo, tena nikaenda siku ileile ya safari na sanduku la kuvuta, nikajua napitia masaa mawili halafu huyoo uwanja wa ndege. Mlinzi akaliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akatingisha kichwa. Ni wapi sitaji, ila sehemu nyingi masanduku hayaingii, so siku ya ndege itoe kabisa kwenye hesabu.

Ukiweza chukua Ijumaa. National Gallery pale Trafalgar Square siku zingine wanafunga saa kumi na mbili jioni lakini Ijumaa wanaenda mpaka saa tatu usiku, British Museum nao mpaka saa mbili na nusu (saa za Kiswahili hizo, usije ukajichanganya), yani mchana unafunga mizigo jioni unaenda zako. Hela isikupe presha, kuingia ni bure, maonyesho maalumu tu ndo ya kulipia na hayo tiketi zinaweza kuisha mapema. Hata ile ya bure kata mtandaoni kabla hujatoka, foleni yake inapungua.

Chupa ya maji acha nyumbani. Oktoba 2022 wanaharakati wa mazingira waliimwagia supu ya nyanya picha ya Alizeti ya Van Gogh palepale National Gallery, ina kioo kwa hiyo haikuharibika, Septemba 2024 ikamwagiwa tena, basi mwezi uliofuata National Gallery wakapiga marufuku watu kuingia na vimiminika, kasoro maziwa ya mtoto na dawa ulizoandikiwa na daktari. Kunywa kabisa nje.

Sasa hili ndo muhimu kuliko yote: usitake kuona kila kitu. Mle National Gallery kuna michoro zaidi ya 2,300, ukikimbia chumba kwa chumba na simu mkononi utatoka na maumivu ya miguu na picha ambazo huzikumbuki ni za nani. Andika tano usiku wa kuamkia, basi. Kwangu ya kwanza ni ile ya Jan van Eyck ya 1434, mume na mke wameshikana mikono chumbani, picha yenyewe ndogo watu wanaipita tu, ila sogea uangalie kioo cha duara ukutani nyuma yao, utaona migongo yao na watu wengine wawili wamesimama mlangoni, yani jamaa kachora na kile ambacho wewe unayetazama huwezi kukiona. Mimi ilinimalizia kama nusu saa na sijutii.

British Museum nenda moja kwa moja vyumba vya Afrika, viko chini, na ujiandae kukasirika kidogo. Vile vibao vya shaba vya Benin (ule ufalme wa zamani uliokuwa Nigeria ya leo, siyo nchi ya Benin) vilibebwa 1897 baada ya jeshi la Waingereza kuvamia mji na kuuchoma, ukisimama mbele yake unavutiwa na unaumia kwa wakati mmoja. Kuna na kiti cha enzi kutoka kwa majirani zetu Msumbiji, kimeundwa 2001 kwa bunduki zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kama kimeazimishwa sehemu hutakikuta, cheki tovuti yao kabla hujapanda treni.

Dukani pita ila kumbuka kilo zako za mizigo zimeshajaa. Vitabu vya picha ni mawe yale. Chukua postikadi, kumi hazifiki hata uzito wa kandambili, ziweke katikati ya daftari gumu kwenye begi la mkononi. Bi mkubwa nilimpa ya Alizeti, akaigeuza nyuma akauliza mbona hujaandika kitu.