Kuizuia Programu Moja Isitumie Intaneti kwenye Simu Iliyorutiwa

Mfanyabiashara wa viazi wa Uyole anayenunua kifurushi cha data cha siku ili awasiliane na wateja wake wa Dar es Salaam kwa WhatsApp hana sababu ya kugawana kifurushi hicho na programu ya tochi, ya kibodi au ya mchezo wa watoto inayopakua matangazo bila yeye kujua. Simu nyingi za Android huruhusu kuzima data ya chinichini kwa kila programu, lakini kizuizi hicho hakitoshi, kwa kuwa programu ikifunguliwa tu hurejea mtandaoni. Upo pia upande wa faragha, ambao kwangu una uzito kuliko gharama: kibodi huona kila neno unaloandika, zikiwamo namba za siri, na kibodi isiyohitaji mtandao haipaswi kuachiwa mlango.

Maelezo haya yanamhusu mtu ambaye simu yake imekwisha kurutiwa, yaani imefunguliwa ili mwenyewe awe na mamlaka kamili juu ya mfumo wake, kwa mfano kwa kutumia programu ya Magisk. Ambaye bado, na apime kwanza: kufungua butiloda (programu ndogo inayoiwasha simu), hatua inayotangulia kuruti, hufuta data zote zilizomo, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyorutiwa, ingawa menyu za kupiga nyota kama *150*00# ya M-Pesa haziguswi na jambo hilo. Asiyetaka kuruti anaweza kutumia NetGuard, ambayo huzuia programu kwa kupitisha mtandao wote kwenye VPN (njia ya faragha ya mtandao) iliyo ndani ya simu yenyewe.

Msingi wa kazi yetu ni huu. Android imejengwa juu ya keneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux, na kila programu unayoisakinisha kwa kawaida hupewa namba yake ya utambulisho, UID, inayoanzia 10000. Keneli hujua kila pakiti, yaani kipande cha data, inayotoka ni ya UID ipi; kwa hiyo ukiiamuru izikatae pakiti za namba fulani, programu husika haina njia ya kubisha. Amri yenyewe ni iptables.

Fungua Termux, programu ya kuandikia amri, andika su, kisha uruhusu ombi la ruti litakalojitokeza. Tafuta namba ya programu kwa kutaja sehemu ya jina la kifurushi chake cha programu, ambalo hapa tuseme ni com.mfano.kibodi:

pm list packages -U | grep kibodi

Jibu likiwa na uid:10187, weka kanuni hizi mbili:

iptables -w -I OUTPUT -m owner --uid-owner 10187 -j REJECT
ip6tables -w -I OUTPUT -m owner --uid-owner 10187 -j REJECT

Usiuache mstari wa pili. Amri ya iptables hushughulikia IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, peke yake, na mtandao wako ukiwa unatoa IPv6, ulio mpya, programu uliyodhani umeifungia itaendelea kupita upande huo bila dalili yoyote. Nimechagua REJECT badala ya DROP kwa sababu REJECT huijulisha programu papo hapo kwamba imekataliwa, ilhali DROP huiacha ikisubiri na kujaribu tena, jambo ambalo linaweza kuimaliza betri bure.

Sasa hakikisha. Ifungue programu, itumie kidogo, kisha urudi Termux uandike:

iptables -w -L OUTPUT -n -v

Fanya vivyo hivyo kwa ip6tables. Safu wima ya kwanza ya jibu huhesabu pakiti zilizokutana na kanuni. Idadi ikipanda, kizuizi kinafanya kazi.

Huenda hutaki kuizuia kabisa. Mwanafunzi wa Iringa mwenye waifai ya chuo anaweza kutaka programu ipate mtandao huo lakini isiguse bando lake. Huyo ataongeza jina la kiolesura (mlango wa mtandao) cha data ya simu baada ya neno OUTPUT: kwa kawaida ni -o ccmni+ kwenye simu za chipu ya MediaTek, na -o rmnet+ kwenye zile za Qualcomm. Amri ya ip addr, data ikiwa imewashwa, itaonyesha jina halisi. Akitumia VPN, kanuni ya namna hii haitoshi, kwa sababu pakiti za programu hutoka kwanza kwa kiolesura cha VPN, ambacho mara nyingi huitwa tun0.

Kanuni hizi hufutika simu inapozimwa. Kwa mwenye Magisk, dawa ni kuziandika katika faili, tuseme zuia.sh, lenye #!/system/bin/sh katika mstari wa kwanza, kuliweka ndani ya /data/adb/service.d, kisha kulipatia ruhusa ya kuendeshwa:

chmod 755 /data/adb/service.d/zuia.sh

Programu ikiondolewa na kusakinishwa upya inaweza kupewa UID nyingine, hivyo ikague namba hiyo na, ikiwa imebadilika, ulisahihishe faili.

Asiyependa kuandika amri atumie programu ya AFWall+, inayopatikana F-Droid, duka la programu huria, na inayoendesha iptables hiyohiyo kwa visanduku vya kutia alama. Awe mwangalifu na hali ya kawaida ya programu hiyo: kutia alama huko maana yake ni kuruhusu, na kila isiyotiwa alama huzuiwa. Vilevile akague katika mipangilio kwamba IPv6 imewezeshwa.

Kizuizi kina mipaka yake. Programu zenye UID ya pamoja huzuiwa zote kwa mkupuo. Kinyume chake, programu iliyozuiwa inaweza kukabidhi kazi ya kupakua kwa huduma ya upakuaji ya mfumo, au kupokea arifa kupitia huduma za Google Play, kwa kuwa hizo hutoka kwa UID nyingine. Ukitaka kuifungulia programu, rudia amri zilezile mbili ukibadili -I kuwa -D, na uiondoe mistari yake kwenye zuia.sh, la sivyo kizuizi kitarudi utakapoiwasha simu upya.