Kombaini ya kukodi kwenye mpunga: kazi ya siku, tangu umande hadi giza

Huko Usangu, bonde la mpunga mkoani Mbeya, majaruba yakishaanza kukauka kuanzia Mei, mwenye kombaini, mashine inayokata na kupura kwa pamoja, hulipwa kwa ekari alizovuna. Saa za kukata ni chache. Umande ukiwapo, majani hujisokota kwenye ngoma ya kupuria na punje hutoka nje na makapi. Sokota konzi la majani mkononi: kiganja kikilowa, subiri. Mara nyingi ni hadi saa 3 au saa 4 asubuhi.

Saa 12 hadi saa 3 ni za mashine. Injini ikiwa baridi, pima oili na maji ya rejeta, kung'uta kichujio cha hewa, piga grisi niple zote (vichuchu vya kuingizia grisi), kagua mikanda, cheni na visu. Kisu kimoja kikivunjika kinaacha mstari wa mpunga umesimama, na mwenye shamba atauona kabla yako.

Wakati huo msimamizi aende shamba la pili akiwa na mwenye shamba hilo. Aulize maji yalifungwa lini; yawe yametoka siku 10 hivi, la sivyo mashine itazama hata kama ina minyororo ya raba, na kuinasua ni nusu siku. Visiki na mawe viwekewe miti yenye vitambaa. Kisha wapime, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Ekari ni mita za mraba 4,047. "Hatua 70 kwa 70" ni sawa pale tu hatua inapokuwa na sentimita 91. Mtu mrefu akipima kwa hatua za mita nzima, anapata mita za mraba 4,900, na ninyi mmevuna karibu robo ekari bure. Tumieni kamba ya mita 50, wote wawili wakishuhudia, kabla mashine haijaingia.

Angalieni pia aina ya mpunga. SARO 5 ni fupi na husimama vizuri. Supa ni ndefu, hulala. Mpunga uliolala ukatwe kwa kuukabili, masuke yakielekea mashine, mwendo wa polepole. Mashine hurudi tupu, bila kukata. Muda unaongezeka, basi bei ya shamba lililolala isemwe mapema.

Mkishakata mita 20, simameni mhesabu punje zilizomwagika chini. Fungeni fito nne ziwe mraba wa sentimita 50 kwa 50, mwuweke sehemu tatu katika upana wote uliokatwa, maana makapi hurundikana katikati, kisha mtafute wastani. Punje 1,000 zina uzito wa gramu 25 hivi, kwa hiyo kila punje 10 ndani ya mraba huo ni kilo 4 hivi zilizopotea kwa ekari. Punje 250 ni gunia zima la kilo 100! Punje safi zikiwa zimelala chini ya makapi, feni ni kali au dereva anakimbia. Zikiwa bado zimeshika kwenye suke, ngoma ni ya polepole au majani ni mabichi. Zikivunjika ndani ya gunia, ngoma inazunguka kasi mno. Badilisha kitu kimoja, kata tena, hesabu tena. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia.

Kila saa 2 zima injini, piga mswaki wavu wa rejeta. Makapi yakiuziba, injini huchemka, kwa kawaida katikati ya mchana kazi ikiwa imekolea. Mashine ikikaba, injini izimwe na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingiza mkono. Utingo wengi wameumia kwa kuvuta majani huku dereva "anaijaribu kidogo".

Mpunga unaotoka ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 24 usilale kwenye magunia. Hupata joto na kubadilika rangi. Mwambieni mkulima auanike kwenye turubai siku hiyo hiyo, hadi asilimia 14.

Jioni, kabla ya kuhama, fungueni vifuniko vya chini vya parafujo inayosukuma punje na vya tangi la punje, endesheni mashine tupu dakika chache, fagieni. Mwenye SARO 5 hataki Supa ya jirani kwenye mbegu yake, wala magugu yake. Dizeli ijazwe usiku huo: tangi likilala nusu, mvuke hugeuka maji ndani yake na asubuhi injini inakohoa. Chujeni kwa kitambaa safi. Mmoja alale kando ya mashine, kwani dizeli na betri huibwa.