Kuchora Mtandao wa Madeni ya Saccos za Moshi

Ukitaka kujua kama saccos moja ya Moshi ikifilisika itaziangusha nyingine, anza na jedwali la nani anamdai nani, kwa kuwa mizania ya kila moja peke yake haionyeshi hilo. Kila taasisi iwe nukta, na kila mkopo uwe mshale wenye kiasi chake. Kisha iangushe nukta moja: ikiwa saccos yenye mtaji wa shilingi milioni 40 iliikopesha hiyo iliyoanguka milioni 50 na hairudishiwi chochote, nayo imekwisha, hivyo hasara ihamie kwa wanaoidai, hadi pasiwepo anayeanguka tena. Data zikikosekana (na aghalabu hukosekana), mikopo hukadiriwa kwa kanuni ya entropia ya juu kabisa (yaani kugawa madeni kwa usawa kadiri jumla zinazojulikana zinavyoruhusu), ambayo mimi huitilia shaka, maana husambaza madeni sawasawa mno na mara nyingi huficha hatari.